Okidi za Chumbani kwa Mama Mkwe

Zombe, Kitui
1 Februari 2025

Mkwe wangu Nthiwa,

Dada yangu Wayua anapumua, anameza uji, na asubuhi hii amenitukana kwa sababu uji haukuwa na ndimu. Ndiyo maana nasema anapona. Lakini mkono wa kushoto bado umelala, na daktari amesema presha yake haitaki haraka. Sitakuwa Kalamba kabla ya mvua.

Wewe na mimi hatujawahi kuzungumza kwa simu na sidhani tutaanza uzeeni mwangu. Siku ile ulipopokea simu ya mwanangu Muthoki bila kujua ni mimi, ulisema "haloo", kisha nikasikia kishindo. Muthoki aliniambia baadaye kwamba uliitupa ndani ya karai la unga. Nthoni, ile haya inayomzuia mkwe na mama mkwe kutazamana na kuzungumza, naiheshimu, nimelelewa nayo, lakini unga haukuwa na kosa. Karatasi haina macho, basi tuandikiane. Muktar, yule Msomali anayenunua mbuzi hapa Zombe na kuwapeleka Emali, amekubali kupita Kalamba na barua zetu kila anapoteremka.

Nina wasiwasi na okidi zangu. Nilistaafu ualimu nikabaki na vyungu hivyo vitatu, na kusema kweli navipenda kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Viko chumbani mwangu dirishani: nyeupe, zambarau, na ile ya madoadoa niliyoiokota Kibwezi juu ya mti uliokatwa kwa ajili ya makaa. Muthoki anajua kazi yake. Anavuka korongo kutoka kwenu, anaingia, anazimwagia maji mara moja kwa wiki mpaka yatoke chini, anafunga pazia. Wewe kazi yako ni kulisha kuku na kumfikishia maji mlangoni. Asibebe jerikani. Mwambie mimi nimesema asibebe kitu chochote kizito kipindi hiki, na ale vizuri.

Niandikie majani yana rangi gani. Usiniambie "ni mazuri". Kila mtu anasema ni mazuri.

Ni mimi,
Mwalimu Mwongeli


Kalamba, Makueni
6 Februari 2025

Kwa Mama mpendwa na mheshimiwa,

Kwanza napiga goti kukusalimu, na kumsalimu Mama Wayua, na wote walio hapo nyumbani kwake, na majirani wake, na Muktar atakayekusomea kama miwani itakuwa mbali. Sisi hapa tuko salama kwa neema ya Mungu. Kuku wako salama, mbwa salama, korongo limekauka lakini nalo ni salama.

Mama, nisamehe kwa habari ya simu na unga.

Muthoki anakusalimu sana. Anakula vizuri. Habebi chochote.

Kuhusu maua, okidi nyeupe ina jani la chini limegeuka manjano. Si manjano ya kuiva kama papai, ni manjano ya kuchoka. La ile ya zambarau limelegea kidogo. Ile ya madoadoa haina neno. Muthoki amesema nikuulize tufanye nini.

Mkwe wako mtiifu,
Nthiwa


Kalamba
6 Februari 2025

Muthoki,

Barua hii nimempa Muktar aiache kwenye duka la dada yake Nasteho hapo Kibwezi, ulikoniambia unakwenda kufanya kazi, kwa kuwa simu zangu hushiki na ujumbe wangu hujibu. Nilimuuliza kama amekuona. Alisema, "Mimi nabeba mbuzi na barua, Nthiwa. Maneno sibebi." Sikumlazimisha.

Mama ameandika. Anataka habari za okidi. Naona kwa simu umekuwa ukimwambia uko nyumbani, basi na mimi nimemwandikia uko nyumbani. Majirani nimewaambia uko Zombe unamsaidia Mama. Sasa uko mahali pawili na kwangu haupo.

Nataka ujue taabu niliyopata. Ulipoondoka, vyungu vilikaa chumbani kwa Mama bila maji, na mimi kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe siwezi hata nyumba ikiungua. Nilifikiria kumtuma jirani yetu Kalondu, lakini Kalondu akiingia mle asubuhi, jioni Mama atakuwa amepigiwa simu. Basi nilifungua dirisha kwa nje, nikachukua kingoe cha kuangulia mapapai, nikavivuta kimoja kimoja nikiwa nimegeuza uso nisione kitanda. Kile cha zambarau kilianguka. Mmea haukuvunjika, chungu ndicho kilichopasuka, nimeuhamishia kwenye sufuria kuukuu niliyoitoboa kwa msumari. Na Kalondu akatokea kwenye ua wake akapiga kelele: "Nthiwa! Kwani umekuwa mwizi ya mama mkwe?" Nikasema napima dirisha.

Nimeviweka kwetu, juu ya ukuta wa tangi, mahali jua halizuiliwi na kitu. Mimi ni mkulima wa ndengu, mmea unaojificha na jua sijauona. Hata hivyo majani yanageuka manjano.

Mama ameandika usibebe kitu kizito. Mstari huo niliusoma nimesimama, nikakaa.

Kuhusu kanisani, bado sielewi. Nilisimama nikaomba maombi. Sikukutukana. Watu waliinuka wakakuombea, wengine walilia. Nilifikiri nakutafutia msaada. Wewe ukatoka, na kesho yake ukapanda gari. Niambie kosa langu ni lipi nilirekebishe.

Wako,
Nthiwa


Zombe
13 Februari 2025

Nthiwa,

Salamu zako zimechukua nusu ukurasa. Wayua alipozisomewa aliuliza kama wewe ni mhubiri. Barua ijayo salimu mstari mmoja, karatasi inayobaki uijaze habari za majani.

Jani la chini likigeuka manjano peke yake, huo ni uzee. Okidi huacha majani ya chini kama mti wowote. Usilikate, liache lianguke. Lakini kama manjano yamepanda kwenye jani la pili na la tatu, hiyo ni hadithi nyingine, na nataka niisikie mapema.

Maji mnayozipa ni ya wapi? Kisima cha soko la Kalamba kina chumvi, na okidi haivumilii chumvi. Dalili yake huanzia nchani mwa jani, panakauka na kuwa kahawia. Angalia na juu ya chungu kama kuna ukoko mweupe. Zipe maji ya mvua yaliyo kwenye tangi lenu hata kama yamebaki kidogo, nyinyi mnywe hayo mengine.

Kuna jambo moja limenisumbua. Muthoki aliniambia kwa simu juzi kwamba nyeupe inachanua. Nilipoondoka haikuwa na kikonyo hata kimoja, na kikonyo hakitoki leo kikachanua kesho. Labda anataka kunifurahisha. Mwambie mimi hufurahishwa na ukweli.

Amepungua mwili au ameongezeka? Wewe ndiwe unayemwona.

Mwalimu Mwongeli


Kalamba
20 Februari 2025

Kwa Mama,

Salamu. Huo ndio mstari mmoja.

Manjano yamepanda. Jani la pili na la tatu la ile nyeupe yamepauka yote, si kijani na si manjano, na katikati yametokea madoa. Yalianza meupe, sasa yana pete ya kahawia. Zambarau nayo ina doa moja kubwa kama sarafu. Nchani hakujakauka, na ukoko mweupe juu ya chungu hakuna. Nimebadilisha maji, sasa ni ya tangi peke yake, na sisi tunakunywa ya kisima. Chai ina chumvi lakini hakuna anayelalamika.

Nikaona labda ni njaa, nikataka kuweka mbolea ya mbuzi. Nikakumbuka uliwahi kukataza. Sikuweka. Nikataka kunyunyiza majivu kama tunavyofanya kwenye sukumawiki. Niliweka kidogo tu, nikayapangusa.

Ile ya madoadoa ndiyo inanishangaza. Imetoa chipukizi mbili nene na imesimama kama askari.

Muthoki hajapungua wala hajaongezeka. Ni yuleyule.

Mama, haya maua yakifa nitakutazamaje? Najua hatutazamani, lakini unanielewa.

Mkwe wako,
Nthiwa


Zombe
27 Februari 2025

Nthiwa,

Usiguse majivu tena. Umenisikia? Majivu ni ya sukumawiki.

Sijalala vizuri tangu barua yako, na si Wayua aliyenikosesha usingizi. Nyeupe inakufa na ya madoadoa inastawi, kwenye dirisha lilelile, kwa maji yaleyale. Miaka yote niliyofundisha sayansi, mwanafunzi angeniletea matokeo kama hayo ningemwambia kuna kitu hakuandika.

Fanya hivi. Muthoki ainue nyeupe kidogo kutoka kwenye chungu, muitazame mizizi. Ikiwa migumu, rangi ya fedha, na inageuka kijani ikilowa, mzizi ni mzima. Ikiwa laini, ya kahawia na inanuka, mmeizidishia maji. Na doa lenyewe: lina unyevu au ni kavu? Liko juu ya jani tu au limetokea na chini? Muthoki alinisaidia kutunza mimea hii tangu akiwa sekondari. Yeye angeniandikia hayo bila kuulizwa. Mbona anakuachia wewe kalamu?

Nimechoka kusoma rangi kwa maneno. Picha ya simu nayo sina pa kuitazama, kabambe yangu haina picha. Nitumie jani lenyewe. Kata lile lenye doa kubwa kwa wembe uliopitishwa motoni, lifunge kwenye gazeti kavu, uliweke kati ya vipande viwili vya kadibodi. Mwambie Muktar aliweke mbele pamoja naye, si nyuma na mbuzi. Mbuzi hawana nidhamu.

Mwalimu Mwongeli


Kalamba
4 Machi 2025

Muthoki,

Hii ni barua ya tatu. Muktar anasema Nasteho amekupa zote. Basi umezisoma, au umeziwasha jiko.

Mama anataka jani. Nimelikata kwa wembe jinsi alivyosema, polepole kama nakata kidole cha mtu. Mizizi nimeitazama mwenyewe, ni migumu, ni ya fedha. Hakuna kilichooza. Sasa inakufa kwa nini?

Nazunguka. Asubuhi natoka kwa kuku naenda tangini, natoka tangini naenda shambani kupura ndengu, nazirudia zilizokwisha kupurwa. Usiku nasikia mlango, natoka, ni upepo. Jumapili nilikaa kiti cha nyuma nikaondoka kabla ya matangazo, kwa sababu mama mchungaji alikuwa ananijia na uso wa kuuliza "ametulia sasa?"

Andika hata neno moja. Hata la kunifukuza.

Nthiwa


Zombe
11 Machi 2025

Nthiwa,

Jani limefika. Nimelitazama kwa miwani, nikalitazama bila miwani, nikalipeleka mlangoni penye mwanga.

Doa liko juu tu. Chini jani ni safi. Katikati ni jeupe na jembamba mpaka naona kidole changu upande wa pili, pembeni kahawia. Ni kavu, halinuki. Ukungu hulowa. Chumvi huanzia nchani. Maji mengi huozesha mizizi, na wewe umesema mizizi ni mizima. Jani hili limeungua, Nthiwa. Limeunguzwa na jua la mchana, tena siku nyingi.

Chumbani mwangu jua la mchana halijawahi kuingia. Dirisha linatazama mwarobaini na pazia halifunguliwi. Na ile ya madoadoa ilizaliwa juu ya mti, jua ni chakula chake, ndiyo maana imesimama kama askari. Kwa hiyo vyungu vyangu viko nje.

Nikajiuliza nani ameviweka nje. Muthoki hawezi, anajua. Ni wewe. Na wewe ungevitoa kwa nini, kama mke wako yupo wa kuingia? Ungevitoa kwa sababu moja tu: wewe huwezi kuingia chumbani mwangu, na hakuna wa kuingia kwa niaba yako.

Nilimpigia simu Muthoki nikamwambia aende chumbani mwangu anisomee maandishi yaliyo chini ya chungu cha ile nyeupe. Alisema mtandao unakatika. Nyuma yake nilisikia malori. Kalamba hapapiti lori ila la Muktar.

Sitaki salamu. Sitaki habari za kuku. Mwanangu yuko wapi, na umemfanya nini?

Mwongeli


Kalamba
14 Machi 2025

Mama,

Muktar amesimamisha lori barabarani na amesema atasubiri nimalize kuandika. Mbuzi wanalia. Nitaandika bila kupanga.

Muthoki yuko Kibwezi. Anafanya kazi shamba la mboga kando ya mto, kwenye banda la kupanga maharagwe ya kuuzwa nje, na analala kwa Nasteho, dada yake Muktar. Ni mzima. Sijampiga. Sijawahi kumpiga.

Alikuwa na mimba. Ulikuwa umeshaondoka kwenda Zombe ilipoharibika. Alianza kuumwa jioni, tukaenda kwa pikipiki hospitalini, nikakaa benchi la nje, wakatoka wakaniambia imetoka. Alirudi nyumbani hasemi. Alikuwa anapika, anaosha, anaenda kumwagia okidi zako maji, anarudi, hasemi. Alinikataza kukuambia kwa sababu ya Mama Wayua. Mimi nikawa sijui nishike wapi. Sina mama. Kukupigia wewe siwezi. Basi Jumapili, mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama. Nilisema mke wangu amepoteza mimba, ana tatizo la tumbo, wapendwa watuombee. Wakamwita mbele. Mama mchungaji akamwekea mkono tumboni na watu wote wakanyoosha mikono. Kesho yake akaondoka.

Nilidhani atarudi baada ya siku chache na wewe usingejua. Kila barua niliyokuandikia ilikuwa inanichoma. Uliponiambia asibebe kitu kizito, nilijibu "habebi chochote". Hilo lilikuwa kweli na ndilo lililonitesa kuliko uongo.

Vyungu nilivivuta dirishani kwa kingoe. Sikuingia. Cha zambarau kilipasuka, mmea nimeuweka kwenye sufuria. Vilikuwa juu ya ukuta wa tangi. Sasa hivi nimeviondoa.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini sasa unajua.

Nthiwa


Zombe
20 Machi 2025

Nthiwa,

Nilijua ana mimba. Disemba nilimwona nyuma ya jiko akitafuna lile jiwe laini la kinamama, akalificha kwenye leso nilipotokea. Nikanyamaza. Kwetu hatumharakishi mtu kutangaza, nikasema ataniambia mwenyewe Pasaka. Huku Zombe nimekuwa nikifuma kofia ya mtoto, na nikikuuliza wewe kama amenenepa. Niliposoma barua yako nililia mpaka Wayua akaacha kunitukana.

Nina hasira na wewe, na nitaisema. Jambo ambalo mke wako hakuweza kumwambia mama yake, wewe uliliambia kanisa zima, walio na akili na wasio na akili. Najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa umejaa ukatafuta pa kumwaga. Lakini ulimwaga kilichokuwa chake. Na nina hasira na mimi pia, kwa kuwa nthoni hii tunayoisifu ilikuacha bila mtu mzima wa kumuuliza. Ungeweza kuniandikia. Karatasi ilikuwepo.

Nimempigia Muthoki. Sikumwambia arudi. Yeye si mbuzi wa Muktar apakiwe na kupakuliwa. Nilimwambia anisimulie, akasimulia mpaka salio likaisha, nikapiga tena. Kuna jambo ameniambia ambalo si langu kuandika. Nimemwambia akuandikie yeye, au asikuandikie, ni hiari yake.

Sasa okidi. Chumbani mwangu hutaingia, usidhani kwa sababu tumeambiana ukweli basi mila imelala. Ziweke sebuleni kwako mbali na dirisha. Ipe zambarau chungu cha udongo, sufuria inahifadhi joto. Usikate majani yaliyoungua, mmea unakula kwa ile sehemu ya kijani iliyobaki. Doa halitarudi kuwa kijani, usikae ukilitazama. Tazama katikati, pale jani jipya linapotokea. Pakiwa pagumu na pa kijani, itaishi. Pakilegea na kugeuka peusi, imekwenda. Na hapa nazungumzia maua, usianze kunitafutia mafumbo.

Mwongeli


Kibwezi
24 Machi 2025

Nthiwa,

Barua zako nilizisoma zote. Sikuziwasha jiko. Ile ya kingoe ilinichekesha nikiwa kazini, msimamizi akauliza kinachonichekesha ni nini kwenye maharagwe, na kisha nikalia, akanipeleka nje nikakae.

Umeniuliza kosa ni lipi. Nimekuwa nikikasirika kwamba unauliza. Mama amesema huenda kweli hujui, kwa hiyo naandika.

Ulisema nina tatizo la tumbo. Nilikuwa nimesimama pale mbele na mkono wa yule mama unabonyeza mahali ambapo bado palikuwa panauma, na watu wanafukuza tatizo kwa sauti, toka, toka. Mimi nilikuwa nasikia wanamfukuza mtoto.

Alikuwa wa kike. Muuguzi aliniambia, na wewe hukuniuliza. Tangu nilipojua nina mimba moyo uliniambia ni msichana, na nilikuwa nikimwita Kavindu. Kwenu na kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake mume, na mama yako nilimkuta ameshazikwa, nikasema angalau nitamwita jina lake kila siku ndani ya nyumba yake. Nilikuwa nikizungumza naye nikivuka korongo kwenda kwa Mama. Nilikuwa nangoja aanze kucheza tumboni ndipo nikuambie jina, nikuone uso.

Halafu ukasimama mbele ya watu ukamwita tatizo.

Sijui kama nitarudi. Hapa nina kazi, Nasteho hanihoji, na usiku malori yananifanya nisisikie mawazo yangu. Lakini nimechoka kumbeba peke yangu.

Jumamosi tunatoka kazini mchana. Ukitaka kuja, njoo. Usije na mzee wa kanisa. Usije na maombi, nimeombewa vya kutosha. Kaa nami hapo nje ya lango na umtaje kwa jina lake, mimi na wewe tu tukisikia. Kama hilo huliwezi, baki huko na usiniandikie tena, na mimi nitaelewa.

Muthoki


Kalamba
28 Machi 2025

Mama,

Muktar anaondoka sasa hivi kwenda Zombe na barua hii, na alfajiri mimi nitapanda gari la Kibwezi. Katikati ya okidi nyeupe ni pagumu na pa kijani, nimepapapasa kwa kidole. Zambarau bado sijui.

Kalondu ameniona naosha viatu, akauliza, "Wee Nthiwa, unaenda wapi na hiyo viatu ya arusi?" Nimemwambia ni mambo ya nyumbani kwangu. Akangoja niendelee. Sikuendelea.

Mama, nadhani jina la mtoto unalijua. Mimi nimelijua jana. Mama yangu alikufa kabla sijaoa, na Muthoki alikuwa anamrudisha nyumbani, akivuka naye korongo kila siku mbele ya macho yangu, na mimi sikuuliza hata kama alikuwa wa kike.

Tangu jana najaribu kulitamka. Nikilisha kuku nalitamka, nikifunga mlango nalitamka, na kila mara sauti inakatika katikati, nabaki na nusu ya jina mdomoni. Sijawahi kumlilia mtoto huyo. Nilimwombea tu.

Nitakwenda na hiyo nusu. Kama Muthoki atakubali, yeye atanisaidia kulimalizia.

Nthiwa, baba Kavindu